Chaza wa Bandari ya New York

Chini ya maji haya palitanda matuta ya chaza, kitoweo cha Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hili, kwa maelfu ya miaka. Katika karne ya 19 chaza waliuzwa mitaani kwa bei nafuu, tajiri na kibarua wakila kitu kimoja. Lakini tayari kufikia miaka ya 1820 matuta ya Staten Island yalikuwa yamekombwa, na chaza wachanga wakaletwa kutoka Ghuba ya Chesapeake. Aliyewamaliza si mvuvi peke yake. Ni jiji lenyewe. Majitaka yaliwatia bakteria wa homa ya matumbo, na mwaka 1927 uvunaji ukafungwa kabisa. Tangu 2014, mradi wa Billion Oyster Project unawapandikiza upya juu ya makombe yaliyokusanywa mikahawani. Tafadhali usiwaokote: mvua kubwa ikinyesha, majitaka bado huingia bandarini.