Kwa Nini printf Haijui Imepewa Vitu Vingapi

Karibu kila anayejifunza lugha ya C huanza na printf, na ni wachache wanaoambiwa mapema kwamba funksheni hiyo haijui imepewa vitu vingapi. Hupokea mfuatano wa herufi wenye alama kama %d na %s, kisha huchukulia kwamba kila alama ina thamani yake inayoisubiri kwenye kumbukumbu. Alama zikiwa tatu na thamani mbili, printf haigundui upungufu. Huchukua chochote kilichokutwa pale na kukichapisha kana kwamba ndicho ilichopewa. Tumezoea kuliita kosa hili uzembe wa mwandishi wa programu. Mimi naona chanzo chake kiko kwingine: ni tabia ya mashine moja ya miaka ya 1970, ambayo kiwango rasmi cha mwaka 1989 kiliigeuza kuwa sheria wakati mashine yenyewe ilikuwa tayari inapita.

Mambo yalianzia Bell Labs, Marekani. Katika mwongozo wa lugha ya B, mzazi wa C, ambao Ken Thompson aliuandika mwaka 1972, printf ilitangazwa kwa mfuatano wa maelekezo ukifuatwa na vigezo tisa, x1 hadi x9. Aliyeiita hakulazimika kuvijaza vyote. Funksheni ilichukua anwani ya x1, ikasogea mbele neno moja moja kadiri maelekezo yalivyodai. Ndani ya B mbinu hiyo haikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa kila thamani ilikuwa na ukubwa mmoja. Dennis Ritchie alipoikuza lugha hiyo kuwa C kwenye PDP-11, aliongeza aina za data zenye ukubwa tofauti, lakini mwendo ukabaki ule ule. Vigezo vilisukumwa kwenye rundo la kumbukumbu kuanzia cha mwisho, hivyo cha kwanza kikakaa daima mahali panapojulikana na vingine vikafuatana nyuma yake. Aliyeita ndiye aliyesafisha rundo baadaye, maana yeye peke yake alijua ameweka kiasi gani. Katika mpango huo funksheni iliyoitwa haikuhitaji kuijua idadi ili programu iendelee, na kwa sababu haikuihitaji, haikupewa.

Hitaji lenyewe lilionekana mapema. Unix ya zamani ilikuwa na funksheni iliyoitwa nargs, iliyojaribu kukisia idadi ya vigezo kwa kuchungulia amri za mashine mahali mwito ulipotoka. Ilihesabu maneno ya kumbukumbu badala ya vigezo, na ilishindwa kabisa pale amri na data zilipotengwa. Kisha mwaka 1977 kampuni ya DEC ikatoa VAX-11/780, ambayo amri yake ya CALLS iliweka idadi hiyo juu ya rundo katika kila mwito. Huu ndio ushahidi ninaoupa uzito kuliko mwingine wote: kwenye mashine iliyobeba Unix ya BSD kwa miaka, hesabu ilikuwepo, lakini lugha ya C haikumpa mwandishi njia yoyote rasmi ya kuisoma.

Kwa haki, VAX nayo ilihesabu maneno, na namba ya desimali yenye usahihi maradufu ilichukua mawili. Mtetezi wa C atasema basi idadi peke yake isingetosha, na kwamba kupeleka aina pia kungekula nafasi ambayo PDP-11, yenye baiti 65,536 tu za anwani kwa programu, haikuwa nayo. Kwa mwaka 1972 nakubali. Kwa mwaka 1989 sikubali. Kamati ya ANSI ilipoandika stdarg.h, pamoja na nukta tatu katika tangazo la funksheni na va_start, va_arg na va_end, prosesa kama MIPS na SPARC zilikuwa zinapitisha vigezo vya kwanza kwenye rejista. Kamati ilitengeneza njia safi ya kutembea kutoka kigezo kimoja hadi kingine bila kumwambia msafiri njia inaishia wapi. Nayo gharama iliyoogopwa ililipwa hatimaye kwa sababu nyingine. Kwenye AMD64 chini ya Unix, funksheni ya namna hii huweza kutenga hadi baiti 176 za kuhifadhi rejista, na anayeita hulazimika kuandika katika rejista ya AL idadi ya juu ya rejista za vekta alizotumia. Yaani taarifa husafiri pamoja na mwito, ila ni ile inayoifaa prosesa.

Pingamizi la pili ni kwamba mwandishi makini huandika printf("%s", maandishi), wala haandiki printf(maandishi). Ni kweli, lakini umakini huo haukutosha hata kwa mabingwa. Utafiti wa Barton Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, uliochapishwa mwaka 1990, uliiangusha csh, programu ya Unix inayopokea amri za mtumiaji, kwa herufi chache zenye alama ya asilimia. Miaka kumi baadaye, katikati ya mwaka 2000, seva ya mafaili wu-ftpd ilivunjwa kwa njia hiyo hiyo: maneno ya mgeni yalifika kwenye funksheni ya jamii ya printf yakiwa maelekezo, na kwa kuwa %n huandika kwenye kumbukumbu, mtu asiye na akaunti aliweza kuitawala mashine yote kutoka mbali. Lau funksheni ingejua kwamba haikupewa kigezo chochote, %n ingegonga ukuta.

Leo kompaila ya GCC hulinganisha maelekezo na aina za vigezo na kutoa onyo, na hilo limeokoa programu nyingi. Lakini onyo hilo linathibitisha kwamba kompaila inazijua idadi na aina zote pale pale mwito unapoandikwa, kisha inaziacha. Maelekezo yakitoka kwa mtumiaji au kwenye faili, kompaila haina cha kulinganisha. Microsoft iliizima %n katika Visual Studio 2005, na maktaba ya C ya Android imeikataa, hatua nzuri zinazofunga tundu moja.

Kiwango cha C23 kimeigusa sehemu hii tena. Kimeondoa sharti la kuwa na kigezo chenye jina kabla ya nukta tatu, sharti lililotokana na mbinu ya kuanzia kwenye anwani ya kigezo kinachojulikana, na ambalo prosesa zenye rejista nyingi hazilihitaji. Sasa funksheni inaweza kutangazwa kwa nukta tatu peke yake, bila hata mfuatano wa maelekezo wa kuiongoza, na va_arg bado haina namna ya kujibu kwamba vigezo vimekwisha.