Uso ule ni wa mtu: historia ya foto za wizi mu mapenzi ya intaneti



Dada mmoja wa promosyo yetu aliweka mtandaoni foto zake za kolasyo: toge nyeusi, maua mkononi, mama yake kando. Miezi kadhaa kisha, mzee mmoja wa Ulaya akamwandikia kwa hasira. Alisema amemtumia feza karibu mwaka mzima, sasa anataka kujua harusi ni lini. Dada hamjui hata kidogo. Mtu alichukua foto zake, akafungua akaunti kwa jina lingine, akaanza kupendana na watu kwa uso wake. Na sisi wenzake tulifanya nini? Tulimuuliza: « Sema kweli, ule muzee ulimukulia feza? » Hata mimi niliuliza. Njo maana ninaandika leo, na yeye ameniruhusu bila kutaja jina lake. Nilienda kutafuta historia ya ule wizi. Nilikuta kwamba uongo wenyewe ni wa zamani sana. Kitu kipya ni ule uso wa mtu aliye hai, na mwenye uso njo tunayemsahau.

Tuanze Ufaransa. Vidocq alikuwa mfungwa, kisha akawa mkubwa wa wapelelezi wa polisi mjini Paris. Mwaka 1837 alitoa kitabu juu ya wezi, na ndani yake akaeleza « barua za Yerusalemu ». Wafungwa waliandikia matajiri wasiowajua. Mwandishi alijifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi. Sanduku la dhahabu na almasi limefichwa karibu na kwenu, unisaidie na feza kidogo, tutagawana. Vidocq anasema katika barua 100, 20 zilipata jibu. Mwisho wa karne ile mchezo ukaitwa « mfungwa wa Hispania »: tajiri yuko gerezani, na mara nyingi ana binti mrembo anayehitaji mtu wa kumlinda. Hapo mapenzi yameingia. Lakini angalieni vizuri: binti yule hayuko. Ni wino tu. Anayepoteza ni mmoja, yule anayetuma feza.

Miaka ya 1980 bei ya petroli ilianguka, Nigeria ikapata shida, na barua za namna ile zikarudi, kwa posta kwanza, kisha kwa fakisi. Watu waliziita 419, juu ya kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachoazibu udanganyifu. Intaneti ilipofika, kazi ikaenea mupaka Abidjan. Kule vijana wale wanaitwa « brouteurs », neno la Kifaransa la mnyama anayekula majani. Sisi wa agronomia tunamjua kondoo: anainamisha kichwa, anakula asichopanda. Hata coupé-décalé tuliyocheza mu maharusi yetu ina jina la mitaa ya kule: « couper » ni kumla mtu feza, « décaler » ni kukimbia. Mwaka 2011 Côte d'Ivoire ikaunda kitengo cha polisi, PLCC, juu ya wezi wa intaneti.

Hapa kitu kilibadilika. Barua haikuhitaji uso, lakini mahali pa kutafuta wachumba mtandaoni, bila foto hakuna anayekujibu. Mwizi hawezi kuweka uso wake mwenyewe. Anahitaji wa mwingine, tena anahitaji foto nyingi: kazini, kanisani, kwenye siku ya kuzaliwa, ili maisha yaonekane ya kweli. Zamani foto ilikuwa karatasi, na kuiiba ilibidi uingie nyumbani mwa mtu. Tangu Facebook ianze mwaka 2004, albamu za familia zimekuwa wazi. Kuiba ni kubonyeza tu, na mwenyewe hasikii kitu, juu foto yake inabaki palepale.

Uso uliopendwa sana ni wa askari wa Marekani. Vita vya Irak na Afghanistan viliwapa wezi kisingizio kizuri: niko mbali, siwezi kuonekana kwa video, nitumie feza ya kulipia likizo. Jeshi lao limeonya mara nyingi kwamba askari halipi kitu ili apewe likizo. Lakini mwaka 2022 peke yake, karibu watu 70,000 walipeleka malalamiko ya mapenzi ya uongo kule Marekani, na hasara waliyotaja ilifika dola bilioni 1.3. Hesabu ile ni ya waliotuma feza. Wenye nyuso hawamo.

Sasa tena uso umeanza kusema. Mwezi wa kumi 2024 polisi ya Hong Kong ilitangaza imekamata watu 27: walitumia akili bandia ili waonekane warembo hata kwenye video, na walikula dola milioni 46. Januari 2025 mwanamke mmoja Mfaransa alieleza kwenye televisheni namna alivyopoteza euro 830,000 kwa mtu aliyejifanya Brad Pitt, pamoja na foto za kutengeneza zinazomuonyesha hospitalini. Watu walimcheka sana, mupaka televisheni ikaondoa kipindi. Kwa hiyo ule ushauri wa « mpigie video umwone » hautoshi tena.

Kwetu sheria iko. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inahusu pia makosa ya mtandaoni. Lakini kabla ya tribinali kuna mtaa, na mtaa unahukumu haraka. Kwa hiyo tufanye yaliyo mikononi mwetu. Ukipata akaunti ya mashaka, tafuta foto yake kwa TinEye au Google, inawezekana tangu 2008 na 2011. Ukikuta uso wa mwenzetu, piga foto ya skrini, andika anwani ya akaunti na tarehe, kisha njo muishitaki, juu ikifutwa ushahidi umekwenda. Halafu tuweke tangazo hapa, ili familia isikie kwetu mbele ya kusikia mitaani.

Dada yetu ameondoa foto zake zote, hata ile ya mama yake. Yule mama aliuza maharagwe miaka yote kulipa minervali ili foto ile ipigwe. Mwezi uliopita nilimuomba dada musamaha. Akaniambia: « Sawa, kaka. Lakini haukuniuliza kama niko muzima. Uliniuliza kama nilikula. »

Mkiona uso wa mwenzetu mahali pasipo pake, mwandikieni yeye kwanza.