Kebo ya Fumba na miezi mitatu ya giza

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilivuka maji kwenda Unguja kumjulia hali mama, na nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani.

Jioni moja umeme ulikatika, dakika kama ishirini tu. Mtu anayeishi Dar hashtuki kwa hilo. Lakini kabla sijawasha tochi ya simu, mama alikwishatoka uani anakinga maji kwenye kila chombo alichokipata: ndoo, madumu, mpaka sufuria la pilau. Nikamuuliza, "Mama, ndo nini tena?" Akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu, mwaka ule wewe ulikuwa mdogo."

Sikuwa mdogo kiasi hicho, nilikuwa darasa la tatu. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010. Kama miezi mitatu hivi. Pampu za maji zinatumia umeme, kwa hiyo maji nayo yakaadimika. Mama alikuwa akiuza malai, na friji moja la kufungulia juu ndilo lililotulisha na kutusomesha. Siku ya kwanza aligawa malai zote bure kwa watoto wa mtaani kabla hazijayeyuka, nami nikaihesabu hiyo kuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Wiki ya tatu tulikuwa tunakula muhogo asubuhi na muhogo jioni. Sikukuu ya Mapinduzi, Januari 12, ilitukuta gizani.

Swali langu ni la kitoto na sioni haya kuliuliza: ilikuwaje kisiwa kizima, chenye serikali yake, Baraza la Wawakilishi lake na shirika lake la umeme, kikawa kinaning'inia kwenye waya mmoja?

Na si kwamba Zanzibar ilichelewa kuujua umeme. Historia rasmi ya kampuni ya umeme ya Kenya inaanzia Unguja: inasema Seyyid Barghash alinunua jenereta mwaka 1875 kumulika kasri lake na mitaa ya jirani, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua na kuihamishia kwao. Yaani taa za Mombasa zilianza na mtumba wa Zanzibar. Wakati ule umeme ulikuwa unatoka kisiwani kwenda pwani ya bara. Miaka sabini na kitu baadaye mambo yakageuka.

Tuje 1964. Baada ya Mapinduzi serikali mpya ilichukua shughuli za mafuta na umeme mikononi mwake. Miezi mitatu baadaye ukaja Muungano, na orodha ya mambo ya Muungano wakati ule ilikuwa na vipengele 11. Umeme haukuwamo. Orodha imekua hadi 22, na umeme bado haumo. Tunapenda sana kubishana kuhusu kilichomo kwenye orodha hiyo, ila hiki kisichomo kina uzito wake: kwa mujibu wa sheria, Serikali ya Mapinduzi ndiyo yenye kupanga gridi ya visiwa, kuanzia mtambo mpaka balbu. Shirika ni lake, bei ni yake, nguzo ni zake. Hata mita za kulipia kabla ambazo sisi huku tunaziita Luku, kule wana jina lao, Tukuza.

Lakini mamlaka ya kupanga hayaleti megawati. Mji wa Zanzibar uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 na tena 1979, kila uniti ikawa mzigo. Bara nako kulikuwa na Kidatu. Mtambo ule wa maji ulianza kazi mwaka 1975, na kufikia 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 204. Mwaka huohuo wa 1980 ikalazwa kebo chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, Unguja. Kilovolti 132, megawati 45. Majenereta yakapumzishwa.

Sitaki kuwa kama wale wanaowahukumu wazee kwa kutumia miwani ya leo. Uamuzi ule ulikuwa wa akili. Ungekuwa wewe, unachoma dizeli ya dola kisiwani na ng'ambo ya maji kuna umeme wa mto, ungefanya nini? Isitoshe, serikali ilifanya jambo ambalo bara lilichukua muda mrefu mno kulifanya: ilipeleka nguzo vijijini. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, nyaya zilitoka mjini zikaenda shamba, na kipaumbele kikawa pampu za maji, shule na vituo vya afya. Mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, aliishi kijiji cha Uroa na mwaka 2008 akatoa kitabu kizima kuhusu nini kilibadilika kule umeme ulipofika. Ukikisoma utaona kwamba taa ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Kuna mwanamke ambaye hateki tena maji kisimani, na kuna saa za usiku ambazo sasa ni za kazi na za televisheni.

Hapa ndipo ninapouona mkasa wenyewe. Kila kijiji kilichounganishwa kilikuwa mafanikio ya mipango, na kila kijiji kilichounganishwa kiliongeza mzigo kwenye kebo ileile ya 1980. Hoteli za ukanda wa mashariki na Nungwi zikaongeza wao, na friji la mama yangu nalo likaongeza la kwake. Serikali ilikuwa inajenga matawi miaka ishirini na tano mfululizo, na shina ni lilelile la megawati 45. Wahandisi walilijua hilo. Na ushahidi kwamba walilijua upo kwenye tarehe.

Fuatana nami katika mwaka 2008. Februari 7, Lowassa anajiuzulu uwaziri mkuu kwa sababu ya Richmond, kashfa iliyoanzia kwenye mgao wa bara. Februari 17, Rais Bush yuko Dar, na mkataba wa dola milioni 698 za Shirika la Changamoto za Milenia, MCC, unatiwa saini. Ndani yake imo kebo mpya ya Zanzibar. Mei 21, njia ya umeme kutoka bara inapata hitilafu na Unguja inazima kwa takriban mwezi mzima. Kwa hiyo dawa ilikwishaandikwa miezi mitatu kabla ya ugonjwa. Kilichokosekana ni kitu cha kumshikilia mgonjwa mpaka dawa ifike. Ile kebo ya zamani ilikuwa na miaka 28, mpya ingechukua miaka kadhaa, na katikati hapo hapakuwa na majenereta ya akiba ya kubeba kisiwa. Baada ya mwezi ule wa giza kikapita mwaka mmoja na nusu, na Desemba 2009 tukarudi palepale, safari hii kwa muda mrefu mara tatu.

Mwezi ule wa 2008 umeacha kumbukumbu katika mahali usipopategemea: leba. Mchumi wa Chuo Kikuu cha Oregon, Alfredo Burlando, alipitia kumbukumbu za uzazi na mwaka 2014 akachapisha tafiti mbili. Moja ilionyesha kuwa miezi minane hadi kumi baada ya giza watoto waliozaliwa waliongezeka. (Najua mnacheka. Vijiweni Darajani walikwishacheka kabla yenu.) Ya pili haichekeshi. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa na uzito pungufu, na maelezo yake ni kipato: watu ambao kazi yao ilitegemea umeme walikosa pesa, na mama zao wajawazito wakala kidogo. Fundi wa kuchomelea, fundi cherehani, muuza barafu. Hoteli kubwa zilikuwa na jenereta zao.

Na Pemba? Pemba, ambayo kila mtu anaijua kwa kusahauliwa, ilikuwa na taa muda wote huo, kwa sababu haikuwa kwenye kebo ya Fumba. Ilikuwa bado inatumia majenereta yake ya dizeli. Mwaka 2010, miezi michache baada ya Unguja kupata umeme, Pemba nayo ikaunganishwa na Tanga kwa kebo yake ya baharini, tena kwa msaada wa Norway. Umeme wa uhakika zaidi na wa bei nafuu, hakuna ubishi. Ila sasa visiwa vyote viwili vikawa vimefungwa gati moja.

Kebo mpya ya Unguja, megawati 100, ilizinduliwa 2013. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mamlaka ya udhibiti, ZURA. Kisha siasa ikaingia kwenye waya. Machi 2016 bodi ya MCC iliusimamisha mkataba wa pili, zaidi ya dola milioni 470 ambazo zililenga sekta ya umeme, na moja ya sababu ilizozitaja ni uchaguzi wa marudio wa Zanzibar. Machi 2017 Rais Magufuli akaiagiza TANESCO ikate umeme kwa wadaiwa bila kuangalia sura, Zanzibar ikiwemo. Deni lilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Dk. Shein akajibu kwamba wakikatiwa watawasha vibatari. Umeme haukukatwa, sehemu ya deni ikalipwa, maisha yakaendelea. Lakini rais wa Zanzibar alikuwa ametaja vibatari hadharani, na nyumbani kwetu hakuna aliyeona ni utani.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa mradi wa kuimarisha gridi ya Zanzibar, pamoja na umeme wa jua na betri. Safari hii mipango ya visiwa inahusisha umeme unaozalishwa na kuhifadhiwa palepale. Huku bara Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo hoja ya 1980 imerudi na nguvu zake zote: ya nini kuhangaika wakati ng'ambo upo tele? Kebo ya 2013 itafikisha miaka 28 mwaka 2041. Mimi nitakuwa na miaka 41.

Mama bado anauza malai. Pembeni ya friji ana jenereta ndogo ya petroli, aliinunua mwaka 2011 kwa mkopo wa kikundi. Haitumiki ila mara mojamoja. Nimemwambia mara nyingi aiuze tuongeze friji la pili, hataki kusikia.