Almasi ya Mwadui iliyokaribia moli moja

Oktoba 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, aliitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Ilipochongwa London zikabaki karati 23.6.

Kisa hiki husimuliwa kama habari za vito na ufalme. Mimi naona ni somo la kemia la kidato cha tatu. Karati moja ni gramu 0.2, hivyo jiwe lilikuwa na uzito wa gramu 10.9. Almasi ni kaboni, na gramu 12 za kaboni ni moli moja. Jiwe lote lilienea kiganjani, nalo lilikuwa na moli 0.91: atomi zipatazo 5.5 × 10²³.

Njia ya kuhesabu kwa kupima ilianza mbali. Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro alisema gesi zenye ujazo, joto na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Alifariki mwaka 1856 wakemia wengi wakiwa bado hawajamkubali. Mwenzake Stanislao Cannizzaro ndiye aliyeitetea hoja hiyo mkutanoni Karlsruhe mwaka 1860. Miaka ya 1890 Mjerumani Wilhelm Ostwald akaleta jina la moli. Huko Paris, Jean Perrin alichunguza kwa hadubini chembe zinazochezacheza majini, akakokotoa idadi ya chembe zilizomo katika moli moja. Akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Tangu Mei 20, 2019, moli haitegemei tena gramu 12 za kaboni. Ni vitu 6.02214076 × 10²³ kamili.

Kwenye migodi ya dhahabu ya Geita hesabu hii ina kazi kila siku. Njia ya kutoa dhahabu kwenye mawe kwa kuiyeyusha na sianidi ilivumbuliwa Glasgow mwaka 1887 na John MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest. Kila atomi ya dhahabu hushikwa na sianidi mbili. Mwanafunzi akisikia hivyo hudhani gramu 100 za dhahabu zinataka gramu 200 za sianidi ya sodiamu, na hapo ndipo wengi hupotea. Moli moja ya dhahabu ni gramu 197. Ya sianidi ya sodiamu ni gramu 49 tu. Moli mbili ni gramu 98. Kwa idadi sianidi ni maradufu ya dhahabu. Kwenye mizani ni nusu yake.

Oksijeni nayo inahitajika, molekuli moja kwa kila atomi nne za dhahabu, ndiyo maana matangi ya migodi mikubwa hupulizwa hewa. Kwenye plenti za kuchenjua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, sianidi inayotumika huzidi sana hesabu ya daftarini, kwa sababu shaba na madini ya salfa yaliyomo mchangani huila kabla haijaifikia dhahabu.