Mashini ilikuwa nzito, lakini ndani mlikuwa na majina ya watu

Wakaaji wa Kibabi, na ninyi jamaa zetu mlioko kambini na katika familia za mapokezi,

Mashini tunayoandikia habari hizi ilifika kiasi cha kutumia dakika kumi na mbili kuwaka. Tunaiwasha, tunaenda kuteka maji, tunarudi, bado inazunguka. Kijana fundi aliyeiangalia alisema kwa kifupi: «Papa, tuiformati tu. Tunafuta yote, tunaweka Windows mpya, asubuhi moja tu imeisha.»

Ningekubali palepale. Lakini kando yetu alikuwa ameketi mama mmoja mhamaji, amekuja kuchaji simu. Akauliza: «Baba, na ile sauti yangu uliyochukua nikimtafuta mtoto, nayo itafutwa?»

Nikamwambia kijana angoje.

Siku zilizofuata nilianza kuuliza mambo na kusoma, maana kazi hii ya kufuta mashini na kuiwekea mfumo upya tumeizoea kama kufua nguo. Nilikuta ina historia yake, na historia hiyo inatugusa sisi kuliko nilivyodhani.

Kwanza, huo uzito. Mashini haichoki kama mbuzi mzee. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliomba kumbukumbu ya megabaiti 64 tu. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inaomba gigabaiti 4, yaani mara 64 ya ile ya zamani. Anayesukuma chukudu kupeleka viazi Sake ataelewa: magurudumu ni yaleyale, ila kila safari wanakuongezea gunia. Na mashini zinazofika kwetu ni zile ambazo wengine wamekwisha kuzitumia miaka mingi. Inachekesha kidogo, ama inauma, sijachagua bado: ndani ya vyombo hivyo mna vipande vidogo vinavyotengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka katika koltani, ile inayochimbwa katika vilima vya Masisi. Madini yanaondoka mapya na kurudi yamechakaa.

Sababu ya pili ni flashi. Waliofanya kazi ya kuchapisha karatasi mjini Goma wanakumbuka miaka ile: unachomeka flashi ya mteja, folda zote zinageuka kuwa alama za njia ya mkato, na mashini inaanza kukohoa. Kirusi kilichoitwa Conficker kilionekana Novemba 2008, kikazunguka dunia kwa mtandao na kwa flashi, kikiingia mamilioni ya kompyuta. Windows ilikuwa na tabia ya kufungua flashi yenyewe bila kuulizwa. Mnamo Februari 2011 ndipo Microsoft ilipoanza kusambaza sasisho la kuikomesha kwenye mashini zilizokwisha kuuzwa. Lakini sasisho hupitia intaneti, na kwetu intaneti inanunuliwa kwa megabaiti. Hivyo fundi alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote: CD iliyonakiliwa, futa, weka upya. Miezi mitatu baadaye mteja amerudi.

Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 2004 tajiri mmoja wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alianzisha Ubuntu, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Linux, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakiwatumia watu CD kwa posta bila malipo, popote duniani. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyokuwa na menyu za Kiswahili. Huku kwetu tuliendelea na CD ya kunakili.

Sasa nije kwa lile lililonishtua. Tunaposema «tumefuta», mara nyingi hatujafuta kitu. Fikiria kitabu kikubwa cha katibu wa kijiji: ukurasa wa kwanza ni orodha, inayoonyesha jina fulani liko ukurasa gani. Kuformati kwa haraka ni kuchana ile orodha tu. Kurasa zote zinabaki, mpaka mtu aje aandike juu yake. Na kwa Windows XP hata formati ndefu, ile ya kungoja saa nzima, ilikuwa ikipima tu kama diski ina sehemu zilizoharibika. Ni tangu Windows Vista, mwaka 2007, formati ndefu ndiyo inayoandika sifuri juu ya diski yote.

Wawili wa chuo cha MIT, Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika, wakatoa matokeo mwaka 2003. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12. Katika nyingine walikuta barua, habari za wagonjwa, na maelfu ya namba za kadi za benki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski sokoni Tema, nchini Ghana, wakakuta ndani yake hati za Northrop Grumman, kampuni ya Marekani inayotengeneza silaha. Kama kampuni ya namna hiyo inasahau, fundi wa pembeni ya barabara atakumbuka nini?

Nilifikiria mashini yetu. Ndani yake mna sauti za watu waliokimbia kutoka Masisi na Walikale: nani alitoka kijiji gani, siku gani, na watoto wangapi, nani hajaonekana. Mna namba za simu za jamaa. Tunajua sisi sote namna eneo hili linavyobadilisha wenye silaha. Mwaka 2024 Rubaya, Januari 2025 Sake kisha Goma. Orodha inayomsaidia mjomba kumpata mpwa wake ni ileile inayoweza kumsaidia mtu mwenye nia nyingine. Basi tulikuwa na hatari mbili kwa pamoja: kupoteza tunachopaswa kuhifadhi, na kuacha tunachopaswa kuondoa. Ile formati ya haraka aliyotaka kijana ingetupatia zote mbili. Sauti zingetupotea sisi, na mwenye kujua kazi angezitoa akitaka.

Kwa hiyo tulifanya polepole. Tulinakili sauti zote kwenye diski mbili za nje. Kisha tukazisikiliza, moja baada ya nyingine, siyo kuangalia jina la faili tu. Jambo hilo lilimchosha kijana. Aliona napoteza jua bure, maana betri yetu ni ya sola. Lakini katika diski ya kwanza sauti tatu zilikataa kufunguka. Moja ilikuwa ya yule mama. Kwenye mashini ilikuwa bado nzima, tukainakili upya, ikafunguka. Kijana hakusema tena habari ya jua.

Baada ya hapo ndipo tukafuta, kwa kuandika sifuri juu ya diski yote. Diski yetu ni ya zamani, ile inayozunguka, ya gigabaiti 500. Ilitumia karibu saa mbili. Kwa diski mpya zisizozunguka, SSD, kuandika juu hakutoshi kila mara, kwa sababu diski yenyewe huficha sehemu fulani. Hizo zina amri yao maalumu ya kujisafisha, na ni vizuri zaidi kuzifunga kwa neno la siri tangu siku ya kwanza.

Hatukurudisha Windows. Windows 10 imemaliza muda wake wa kusasishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini yetu haina nguvu za kubeba Windows 11. Tumeweka Linux nyepesi. Audacity, tunayokatia sauti za matangazo, inafanya kazi humo bila shida. Mashini sasa inawaka kwa dakika moja na nusu. Siku mbili za kwanza herufi A na Q zilibadilishana mahali mpaka tulipokumbuka kuchagua kibodi ya Kifaransa.

Mama alirudi juzi, tukamsikilizisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba tuongeze neno: mtoto sasa ametimiza miaka kumi na moja, na pengine amerefuka.

Wale waliotuachia sauti ao majina wanaweza kuja kuhakikisha kama yapo. Asiyetaka jina lake libaki atuambie, tutaliondoa kwenye diski zote mbili. Kwa mnaopeleka mashini kwa fundi wiki hii: mwulizeni kwanza ni formati gani anafanya, ya haraka ao ndefu, na msiondoke mpaka awajibu.