Shinkolobwe: fidia imefika Missouri, Likasi bado

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyofufua mpango wa Marekani wa kuwafidia watu walioathiriwa na mionzi ya silaha za nyuklia. Mpango huo ulianza mwaka 1990, na muda wake ulikwisha Juni 2024. Safari hii umewaingiza wakazi wa New Mexico walioangukiwa na vumbi la bomu la kwanza la majaribio, lililolipuliwa Julai 16, 1945. Umewaingiza pia wakazi wa vitongoji vya St. Louis, Missouri, ambako mabaki ya urani yalirundikwa na kuvuja hadi kwenye kijito ambamo watoto walikuwa wakicheza. Aliyepata saratani kwa vumbi la majaribio analipwa dola 100,000. Wa Missouri wanaanzia dola 50,000. Mwezi mmoja baadaye dunia ikaadhimisha miaka 80 ya Hiroshima.

Habari hiyo ingepaswa kusomwa kwa sauti Kikula, Panda na Shituru, mitaa ya mji wa Likasi, Kongo. Sehemu kubwa ya urani iliyosafishwa St. Louis wakati wa vita, katika kiwanda cha Mallinckrodt, ilichimbwa Shinkolobwe, kilomita zipatazo 20 magharibi mwa Likasi. Aliyeipokea Marekani amewekewa sheria. Aliyeichimba hatajwi hata kwa neno moja.

Mwingereza Robert Sharp aliligundua jiwe hilo lenye urani mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaanza kulichimba mwaka 1921. Wakati huo urani yenyewe haikuwa na soko la maana. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, ambayo kampuni iliitoa katika kiwanda chake cha Olen, Ubelgiji, na kuiuza kwa gramu kwa hospitali zilizotibu saratani. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa ukajaa maji.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Edgar Sengier, Mbelgiji aliyekuwa mkurugenzi wa Union Minière. Mei 1939 alikuwa London, akaitwa na Henry Tizard, mwanasayansi wa serikali ya Uingereza. Tizard alimwonya kwamba kilichomo mikononi mwake kingeweza kuleta maangamizi kikiangukia kwa adui. Oktoba mwaka huohuo barua iliyotiwa saini na Einstein ilimfikia Rais Roosevelt, ikisema kwamba chanzo kikubwa cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Sengier hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Mwaka 1940 aliagiza madini yaliyokuwa yamekwisha kuchimbwa, zaidi ya tani 1,200, yapelekwe New York. Yaliwekwa katika ghala moja kisiwani Staten Island, ndani ya mapipa ya chuma. Aliwadokeza maofisa wa Washington juu ya mali hiyo, lakini hawakumtilia maanani, na mapipa yakakaa pale karibu miaka miwili.

Septemba 18, 1942 kanali wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alibisha hodi ofisini kwa Sengier. Mbelgiji yule alitaka kujua jambo moja kwanza: kanali ana mamlaka ya kununua, au amekuja kuzungumza tu? Alipohakikishiwa kwamba mamlaka yapo, mambo yalikwenda haraka. Nichols ameandika katika kumbukumbu zake kwamba aliondoka na karatasi ya manjano yenye sentensi nane, na katika sentensi hizo Marekani ilikuwa imepata madini ya ghalani pamoja na yale yaliyobaki juu ya ardhi Shinkolobwe. Wanajeshi wahandisi wa Marekani wakaja kusaidia kukausha mgodi. Jina la Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani. Mwaka 1946 Sengier alivishwa nishani na serikali ya Marekani, na leo kuna madini yanayoitwa sengierite.

Wanahistoria wanapenda kisa hiki, nami ninaelewa kwa nini. Lakini mapipa yale hayakujijaza. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa jeusi, zito, lenye mishipa ya manjano na kijani kibichi. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati madini ya Marekani na Kanada mara nyingi hayakufika hata asilimia moja. Mawe hayo yalichaguliwa kwa mkono moja moja, yakatiwa magunia na mapipa, yakapakiwa kwenye mabehewa. Wafanyakazi waliishi na familia zao katika kambi jirani na mgodi.

Hatari ilikuwa inajulikana. Mwaka 1879, miaka 42 kabla Shinkolobwe haijafunguliwa, madaktari wawili wa Schneeberg, Ujerumani, waliandika kwamba ugonjwa uliowaua wachimbaji wa kule ni uvimbe wa mapafu. Baadaye ikajulikana kwamba chanzo ni radoni, gesi isiyo na harufu inayotokana na radiamu. Mchimbaji huivuta pamoja na hewa, na chembe zake hukaa kifuani zikitoa mionzi.

Baada ya vita, urani ya Likasi iliendelea kuilisha Marekani kwa miaka mingi ya mwanzo ya majaribio yake. Dunia ilishtuka Machi 1, 1954, bomu la Bravo lilipolipuliwa Bikini na majivu meupe yakawaangukia wakazi wa Rongelap na wavuvi 23 wa Kijapani. Madaktari wakaanza kufuatilia ayodini inayoingia kwenye maziwa na tezi za watoto, na strontiamu inayojificha mifupani. Mwaka 1963 majaribio ya angani yakapigwa marufuku kwa mkataba. Utafiti wote huo ulilifuata jiwe kuanzia lilipolipuka. Hapa lilipotoka, haukuanza.

Wabelgiji waliziba mashimo kwa zege kabla ya uhuru wa 1960. Miaka ya mwisho ya 1990 wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti na shaba. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliufunga mgodi kwa amri, Julai shimo likaporomoka likaua watu, na nyumba za kijiji zikabomolewa. Mwaka 2009 timu iliyohusisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ilichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, na urani iliyozidi pia.

Linganisha na Lewiston, jimbo la New York. Mabaki ya madini ya Shinkolobwe yaliyosafishwa Marekani yamezikwa huko chini ya kilima cha udongo kilichojengwa maalumu, kikazungushiwa uzio, na serikali ya Marekani inapima hewa na maji ya eneo hilo. Mabaki hayo ni yetu kwa asili. Ulinzi ni wao.

Nyaraka za Union Minière zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels. Kinshasa iziombe rasmi: orodha za wafanyakazi wa Shinkolobwe tangu 1921, na rekodi zozote za zahanati ya kampuni zilizosalia. Majina yakipatikana, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watafiti wa kuyafuatilia nyumba kwa nyumba, na Likasi bado wapo wajane na watoto wa watu waliofanya kazi pale.