Nyama za Pua na Tarehe ya Kisu cha Tabibu

Mwakirunge, huko Kisauni, upepo ukigeuka usiku mtu huamka amekwisha kuijua asubuhi kwa pua kabla hajaiona kwa macho, maana jaa la taka za mji wa Mombasa liko hapo, na moshi wake wa chini chini, uliochanganyika na vumbi la njia ya malori, huingia majumbani pasipo kupiga hodi. Katika ua mmoja wa pande hizo nilimkuta mama amemwinamisha mwanawe wa miaka sita juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini yaliyochemka, amemfunika shuka zito, na mvuke ukifuka pembeni mwa shuka kama moshi wa chetezo. Mtoto alikuwa akihema kwa mdomo. “Nyama zimemjaa puani, kaka,” akaniambia yule mama, “nami nataka nimpeleke kisiwani zikang’olewe zote.” Neno hilo la mwisho, zote, ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu tarehe ya upasuaji wa pua iliyoziba ni tarehe ya neno hilo: jinsi matabibu walivyoliamini, wakalitumikia kwa kisu na kwa chuma cha moto, kisha wakaliacha baada ya kuona madhara yake.

Jina la nyama za pua, kama tulitumiavyo Pwani, limebeba mambo kadha yasiyokuwa na udugu. Kuna tezi iliyoko nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, ambayo kwa watoto huvimba ikaziba njia ya pumzi, na aghalabu hunywea yenyewe mtoto akikua. Kuna vinyama laini vya rangi ya kijivu, mfano wa zabibu zilizomenywa, ambavyo huota kwa watu wazima wenye uvimbe wa muda mrefu puani. Na kuna mikunjo ya ubavuni mwa pua, ambayo Mwenyezi Mungu amemuumbia kila mtu, na kazi yake ni kuipasha joto hewa, kuitia unyevu na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Hiyo ikivimba kwa vumbi au moshi, mwenyewe hudhani ameota kitu kigeni, kumbe kilichomzidi ni kiungo chake mwenyewe. Fauka ya hayo, wako wenye pua iliyoziba kwa sababu ukuta wa kati, uliofanywa kwa gegedu na mfupa, umepinda upande mmoja, na hapo hapana nyama hata kidogo.

Zama za kale tofauti hizi hazikujulikana zote, lakini vinyama vilijulikana. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho aliiweka mahususi kwa upasuaji. Humo mna mlango mzima mintarafu ya nyama iotayo puani, jina lile lile tulitumialo sisi. Anaagiza mgonjwa akalishwe mbele ya tabibu ameelekea jua, kwa kuwa taa nyingine ya kumulika ndani ya pua haikuwako. Tundu lifunguliwe, nyama ivutwe kwa ndoana, kisha ikatwe kwa kisu chembamba. Ikibaki ndani mahali kisipofika kisu, achukue uzi wenye mafundo yaliyokaribiana, aupitishe puani hata utokee kooni, kisha auvute huku na huku kama asugua msumeno. Nikiufikiri uzi ule, na mgonjwa ameketi juani bila ya ganzi, nastaajabia ujasiri wa wote wawili.

Tezi ya watoto ilingoja hata mwaka 1868, ambapo Wilhelm Meyer wa Copenhagen, aliyekuwa akiangalia watu wasiosikia vema, aliingiza kidole nyuma ya kaakaa ya msichana mmoja akahisi fungu la nyama laini limejaa mahali panapopaswa kuwa wazi. Alitengeneza kisu cha mfano wa pete, akakipitisha puani, akaikwangua. Watoto waliokuwa wakikoroma, wakihema kwa mdomo na kudhaniwa kuwa wazito wa akili, wakaanza kusikia na kulala vema. Kwetu Afrika ya Mashariki, zama zizo hizo na baadaye sana, mtoto wa kikohozi na taabu ya koo alipelekwa kwa fundi wa kukata kilimi, na wengine hupelekwa hata leo; lakini kilimi hakizibi pua, na kukikata hakumpi mtoto pumzi, bali humtia katika hatari ya kutokwa damu na kupata maradhi ya jeraha. Kwa upande wa tezi, kisu cha Meyer kilikuwa cha haki, na mpaka sasa, mtoto akihitaji kupasuliwa, kuiondoa tezi ndiyo kazi iliyo wazi kuliko zote za pua.

Taabu ilianza baada ya mwaka 1884, Carl Koller wa Vienna alipodhihirisha kwamba kokeini hutia ganzi. Kabla ya hapo maumivu yenyewe yalikuwa mlinzi wa mgonjwa, kwa kuwa hapana aliyeweza kukata sana katika pua ya mtu anayepiga kelele. Ganzi ilipopatikana, mkono wa tabibu ulipata wasaa, na wasaa ukazaa pupa. Mikunjo ya ubavuni ikakatwa mizima mizima kwa mikasi. Ukuta uliopinda nao ulipata mafundi wake, Otto Freer wa Chicago mwaka 1902 na Gustav Killian wa Freiburg mwaka 1904, ambao walipasua utando, wakatoa gegedu na mfupa kwa ndani, wakaacha ukanda tu wa mbele na wa juu wa kushikilia pua. Ulikuwa ufundi adhimu, na wengi walipona. Lakini palipotolewa kupita kiasi, mgongo wa pua ulididimia kama tandiko la farasi, au ukuta ukabaki na tundu lililopiga mbinja mgonjwa alipovuta pumzi.

Mwaliko wa kurudi nyuma ulitoka Chicago vilevile, katika miaka ya 1940, ambapo Maurice Cottle alifundisha kwamba ukuta uliopinda usitupwe, bali unyoshwe na kurejeshwa mahali pake. Ama mikunjo ya ubavuni, funzo lake lilichelewa zaidi na lilikuwa chungu. Walionekana wagonjwa ambao pua zao, zikitazamwa, zilikuwa wazi kama ukumbi, nao wakiapa kwamba hawapati pumzi. Maana pua huijua hewa kwa ubaridi wake ipitapo juu ya utando, na utando ukikatwa, hewa hupita pasipo kuhisika. Mwaka 1994 Eugene Kern na mwenziwe Stenkvist, katika Mayo Clinic ya Marekani, waliiita hali hiyo pua tupu. Wagonjwa hao waliteseka mara mbili, kwanza kwa pua, kisha kwa kutosadikiwa, nami naona kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Ni njia ipi basi iliyo bora? Mizani iliyo wazi zaidi, mintarafu ya mikunjo, ni ile ya Desiderio Passàli na wenziwe wa Italia, iliyotangazwa mwaka 2003. Waligawanya wagonjwa 382 katika njia sita kwa kura, wakawafuata kwa miaka: kukata mkunjo wote, kuuchoma kwa umeme, kuuchoma kwa leza, kuugandisha kwa baridi kali, kupunguza nyama ya ndani huku utando wa juu ukiachwa, na njia hiyo ya tano ikiongezewa kuusukuma mkunjo pembeni. Kuchoma na kugandisha kulileta nafuu ambayo baadaye ilififia. Kukata wote kulifungua pua na kukadumu, lakini kwa gharama ya damu na maganda makavu. Iliyoshinda kwa kudumu na kwa salama ilikuwa ya sita, nayo ndiyo inayouheshimu utando.

Kuhusu ukuta uliopinda, ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba dawa ya kupuliza yaweza kutosha. Uholanzi waliwapima watu wazima 203, wakatoa jawabu mwaka 2019; Uingereza wakapima 378 katika hospitali 17, na jawabu likatoka mwaka 2023. Kote kuwili kisu kilishinda. Katika kipimo cha Waingereza, ambacho kilele cha taabu ni alama 110, baada ya miezi sita waliopuliziwa dawa na maji ya chumvi walikuwa na alama 39.5, na walionyoshwa ukuta 19.9. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa adui wa kisu. Mfupa uliopinda haunyoshwi na mvuke, wala na mafuta ya habasoda. Ila mkunjo uliovimba kwa moshi wa jaa, ukipunguzwa leo na moshi ukabaki, una kila sababu ya kuvimba tena.

Mambo haya nilimweleza yule mama kwa ufupi, tumekaa kwenye mkeka, na mtoto amekwisha futwa jasho. Nikamwomba kioo chake kidogo, nikakiweka chini ya pua ya mtoto, kama alivyofanya Hendrik Zwaardemaker wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19, nikamwambia mtoto afumbe mdomo apumue. Ukungu ukatanda upande wa kulia mpana kama shilingi; wa kushoto ukawa doa tu. Nilimtahadharisha mama asiogope, kwa kuwa hata pua nzima hupokezana, upande mmoja ukifumbata kidogo na wa pili ukifunguka, kisha hubadilishana baada ya saa chache, jambo alilolibainisha Richard Kayser mwaka 1895. Tukanywa chai. Tulipokiweka tena, kulia kulikuwa vile vile, na kushoto doa lile lile, na mtoto alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

Mama alikipangusa kioo kwa ncha ya leso yake, akakitazama tena kana kwamba ukungu ungali pale. “Kesho tutavuka daraja la Nyali mapema,” akasema. “Nitamuuliza daktari, hizi za mwanangu ni zipi?”